Chupa ya morfini iko kabatini: tumpe mama au tuache?

Swali

Jambo dokta. Nakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mama yetu ana miaka 61, ana kansa ya mlango wa kizazi, na picha zimeonyesha imeshafika kwenye mifupa ya nyonga. Tulianza na parasetamoli, tukaja kwenye tramadoli, sasa hata akimeza vidonge viwili kwa mara moja hapati usingizi. Daktari ametupa morfini ya maji, ya kunywa. Yaya, kaka yetu mkubwa, amekataza isiguswe. Anasema jirani yetu alipewa morfini Jumatatu na Ijumaa tukamzika, na hata asipokufa, mama atageuka mtu wa kulilia dawa kama wale vijana wa barabarani. Mama mwenyewe anasema anavumilia, Mungu anaona. Leo ni siku ya 9 chupa iko kabatini. Tumpe au tuache? Na tukimpa, tumpe vipi bila kumuua?

Jibu

Dada yangu, mpeni. Nimeliweka jibu mbele ili usisome barua yote ukiwa umeshikilia roho. Ila kabla ya tone la kwanza kuna maswali mawili ya kumpigia daktari wenu simu: figo za mama zikoje, na dawa iliyo ndani ya hiyo chupa ina nguvu kiasi gani. Yote mawili nitayaeleza kwa kirefu, maana hapo ndipo hatari ya kweli ilipo. Ile anayoiogopa yaya wako iko kwingine, nami naanza na yake, kwa kuwa bila yeye chupa haitatoka kabatini.

Yaya wako hajatunga uongo. Aliyoyaona kwa jirani, mimi nimeyaona mara nyingi kuliko yeye. Kwetu morfini huitwa mwishoni kabisa. Mgonjwa anazungushwa na sindano za diklofenaki miezi mitatu, anapelekwa kwenye maombi, anarudi, anamezeshwa tramadoli, na siku anaposhindwa hata kugeuza shingo ndipo mtu anakumbuka kuwa kuna morfini. Dawa inayoitwa siku nne kabla ya kifo lazima ionekane kama ndiyo iliyokileta. Ni kama padri anayekuja kumpaka mgonjwa mafuta: watoto wakimwona anaingia uani wanajua hali imekuwa mbaya, lakini hakuna anayesema padri ndiye aliyeua.

Jirani yenu aliuawa na kansa. Morfini ikianzwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa taratibu, mgonjwa akiangaliwa, haimfupishii mtu wa kansa maisha. Maumivu ndiyo yanayomla: halali, hali, hageuki kitandani, mgongo unachubuka na kuwa kidonda, kifua kinajaa kwa sababu hawezi kuvuta pumzi ndefu wala kukohoa. Nilimuuguza mzee mmoja wa Kamalondo, mstaafu wa reli, kansa ya tezi dume imemwingia uti wa mgongo. Siku ya kwanza nilimkuta amekaa kwenye kiti, paji la uso limelala juu ya meza, kitenge cha mkewe kimekunjwa chini yake kama mto. Majuma matatu alikuwa analala hivyo, kwa sababu akilala chali anapiga kelele mtaa mzima unaamka. Tulianza na miligramu 5 kila baada ya saa nne. Siku ya tatu nilipofika, mkewe alitoka mlangoni kidole kikiwa mdomoni: nisimwamshe. Alikuwa kitandani, kwa ubavu, anakoroma. Baada ya hapo aliishi miezi 7, akaozesha binti.

Na jambo hili si majaribio ya kwetu. Jirani zetu wa Uganda walianza mwaka 1993, daktari Anne Merriman alipofungua Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Morfini ya unga inachanganywa na maji, inatiwa chupani, mgonjwa anaondoka nayo nyumbani kama ulivyoondoka nayo wewe. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu hata wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuiandika, kwa kuwa madaktari walikuwa hawatoshi. Tatizo la nchi zetu halijawahi kuwa morfini kuzidi. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilikokotoa mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hii zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zinapata sehemu ya kumi ya tani moja tu. Chupa yenu imetoka katika mgao huo mdogo. Inaniuma kuisikia imekaa siku 9 kabatini na mama yuko chumba cha pili halali.

Sasa hofu ya uraibu. Hapa watu wanachanganya mambo matatu yanayofanana kwa mbali. La kwanza, mwili kuzoea: mgonjwa akinywa morfini kwa majuma kadhaa kisha akaikata ghafla, atatoka jasho, makamasi, tumbo litamsokota na kuharisha. Hilo humpata karibu kila mtu, ndiyo sababu morfini inapunguzwa hatua kwa hatua, haikatwi. La pili, dozi kuhitaji kupandishwa: mara nyingi ni kwa sababu ugonjwa umesogea, na mara nyingine mwili umezoea. La tatu ndilo uraibu wenyewe: mtu anaitafuta dawa kwa ajili ya dawa, anadanganya, anaiba, anaharibu maisha yake na bado anaitaka. Hili la tatu kwa mgonjwa anayetibiwa maumivu ya kansa hutokea mara chache. Linahitaji jicho zaidi kwa mtu aliyewahi kuzama kwenye pombe au madawa, na kama mama yako ana historia hiyo mwambie daktari bila aibu. Haimaanishi atanyimwa, ina maana atafuatiliwa kwa karibu. Mtu anayelilia dawa kwa sababu dozi yake imeisha nguvu saa moja iliyopita si teja. Ni mgonjwa aliyepewa dawa kidogo au kwa kuchelewa.

Hapo ndipo penye neno ninalotaka mlishike nyumba nzima: morfini ni dawa ya saa. Haingoji kilio. Ile ya maji inafanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, halafu inaisha. Mkimsubiri mama alie ndipo mmpe, kila mara mtakuwa mnaanza kupanda mlima upya, atahitaji dawa nyingi zaidi, na siku nzima ataiwaza chupa. Mkimpa kabla maumivu hayajarudi, kipimo kidogo kinatosha na mawazo yake yanakuwa huru kwa mambo mengine. Shirika la Afya Duniani lilipotoa ngazi yake ya dawa za maumivu mwaka 1986, lilisema hivyo hivyo: kwa mdomo, kwa saa, na kwa kadiri ya mgonjwa mwenyewe. Ngazi hiyo watu wameijadili sana tangu hapo, lakini kanuni ya saa imebaki.

Saa zenyewe ni hizi: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Dozi ya saa 4 usiku madaktari wengi huruhusu iwe maradufu ili mgonjwa alale mpaka asubuhi, ila daktari wenu ndiye aandike hivyo. Na kwa kuwa hapa Lubumbashi nyumba moja ina anayehesabu saa kwa Kiswahili na anayehesabu kwa Kifaransa, andikeni kwenye daftari 6:00, 10:00, 14:00, 18:00, 22:00. Nimeona mtoto wa shule akimpa bibi yake dawa ya “saa nne” saa kumi alasiri, kwa nia njema kabisa.

Kwa mtu mzima anayetoka kwenye tramadoli, kipimo cha kuanzia huwa miligramu 5 kila baada ya saa nne. Kwa aliyekonda sana au mzee dhaifu, miligramu 2.5. Alichoandika daktari wenu ndicho cha kufuata, mimi nakupa hizi ili ukiona kitu kilicho mbali sana nazo umpigie umuulize. Maumivu yakimchoma katikati, kwa mfano saa 6 mchana, kuna dozi ya nyongeza, ambayo kwa kawaida ni sawa na ile ya kila baada ya saa nne. Inachukua nusu saa hadi saa nzima kufika. Dozi ya saa 8 haifutwi kwa sababu ya nyongeza. Kama katika siku moja amehitaji nyongeza tatu au zaidi, dozi ya kawaida haitoshi: msijipandishie wenyewe, mpigieni daktari, ataipandisha kwa theluthi moja hadi nusu.

Sasa chupa. Itoe kabatini uisome. Kuna morfini inayotengenezwa miligramu 1 katika kila mililita 1, na kuna ya miligramu 10 katika mililita hiyo hiyo moja. Zote ni maji, zote ni chungu. Umeandikiwa miligramu 5? Kwa chupa ya kwanza ni mililita 5, bomba dogo la sindano limejaa. Kwa chupa ya pili ni nusu ya mililita moja, maji kidogo tu chini ya bomba. Ukizikosea umempa mama mara kumi ya anachopaswa kunywa. Hili ndilo kosa linaloua, na haliji kwa sababu dawa ni mbaya. Linakuja kwa sababu mtu mmoja anasema miligramu na mwingine anasikia mililita. Msitegemee rangi, kwa maana kila mtengenezaji ana yake. Kama karatasi iliyobandikwa haisemi miligramu ngapi katika mililita ngapi, rudisheni chupa farmasi ya hospitali waandike. Na chupa mpya ikija mwezi ujao, someni upya. Inaweza isiwe sawa na ya kwanza.

Pimeni kwa bomba lisilo na sindano, si kwa kijiko. Familia moja niliyoifahamu iliambiwa “kijiko kimoja”. Aliyesema alikuwa anawaza kijiko cha chai, mililita 5. Nyumbani walichukua kijiko cha kulia, mililita 15. Mgonjwa alisinzia mchana, jioni hawakuweza kumwamsha, wakambeba hospitali. Alipona, lakini hakuna aliyemshawishi tena kuonja dawa ile, akafa na maumivu yake yote. Bomba la mililita 5 ni bei ndogo. Chorea mstari kwa kalamu isiyofutika pale dozi ya mama inapofika.

Swali la pili ni la figo, na kwa mama yako ni zito kuliko kwa mgonjwa mwingine. Kansa ya mlango wa kizazi inakua jirani kabisa na mirija miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Ikiibana, mkojo unarudi juu, figo zinachoka kimyakimya. Morfini, ini likishaivunjavunja, mabaki yake yanatolewa na figo. Zikiwa hazifanyi kazi, mabaki yanarundikana mwilini nayo yana nguvu zake. Mgonjwa aliyekuwa sawa Jumatatu anakuwa mzito Alhamisi bila dozi kubadilika. Mikono inamruka-ruka, anaokota vitu visivyoonekana kwenye shuka, anazungumza na watu waliokufa. Kwa hiyo ombeni kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, kama hakikufanywa hivi karibuni, na angalieni mkojo: unapungua? miguu inavimba? Figo zikiwa mbaya mgonjwa hanyimwi morfini moja kwa moja, ila dozi inashushwa na saa zinatanuliwa ziwe sita au nane, au daktari anatafuta dawa nyingine. Ibuprofeni na diklofenaki nazo zinaziumiza figo hizo hizo. Kama kuna mtu wa mtaa anakuja kumchoma mama diklofenaki jioni, mwambieni aache mpaka majibu yatoke.

Ukishayapata majibu hayo mawili, anzeni asubuhi, ili siku ya kwanza yote muwe macho mnamwona.

Tramadoli iacheni siku hiyo hiyo. Ni ndugu wa morfini, mdogo, na kuzichanganya kunaongeza usingizi bila kuongeza faida. Tena tramadoli ikipita miligramu 400 kwa siku inaweza kuleta kifafa. Nakuomba uhesabu mlikuwa mnampa ngapi, na kama mlinunua barabarani, zitupeni: kidonge cha barabarani hujui ndani yake kuna nini. Parasetamoli iendelee, gramu 1 kila baada ya saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku. Zinafanya kazi kwa njia mbili tofauti na zinasaidiana. Diazepamu ya kumlaza, pombe ya kienyeji ya “kumpa nguvu”, dawa za usingizi kutoka kwa shangazi: hapana, isipokuwa daktari anayejua kuhusu morfini ameziandika yeye. Ndugu zetu wengine wanaletewa kutoka Afrika Kusini vibandiko vya fentanili vya kubandika ngozini. Hiyo ni dawa kali mno, si ya kuanzia, na haibandikwi juu ya mgonjwa anayekunywa morfini kwa saa. Na mkija kupewa vidonge vya morfini vinavyofanya kazi kwa muda wa saa 12, visisagwe wala kutafunwa, maana dozi ya nusu siku itamwagika kwa mara moja.

Choo. Naliandika peke yake kwa sababu ndilo linalowafanya wagonjwa wengi kuikataa morfini mwezi wa pili. Usingizi na kichefuchefu hupita baada ya siku chache. Kufunga choo hakupiti kamwe maadamu anakunywa. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ya kwanza pamoja na morfini: bisakodili au sena, kila usiku, isingoje mpaka tumbo liwe gumu. Maji, sombe (majani ya muhogo) na papai vinasaidia ila peke yake havitoshi. Mahali pasipo na dawa, wahudumu wa wagonjwa hutumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, kijiko cha chai usiku. Siku tatu bila choo, mpigieni daktari. Na mkimwona ghafla anatoa maji machafu kidogo kidogo baada ya siku nyingi za kufunga, msikimbilie dawa ya kuzuia kuhara: mara nyingi ni choo kigumu kimeziba na maji yanapita pembeni yake. Kichefuchefu cha siku za mwanzo kina dawa yake, metoklopramidi, iombeni mapema. Mdomo ukikauka, kipande cha barafu au maji kidogo kila mara.

Sasa usingizi, kwa maana hapa ndipo yaya wako atakapokurudia na kukuambia “niliwaambia”. Mtu ambaye hajalala majuma mengi, maumivu yakimwachia, atalala. Siku ya kwanza na ya pili mama anaweza kulala kupita kiasi. Utajuaje ni usingizi wa deni au dawa imezidi? Muite kwa jina lake, lile la nyumbani. Akifungua macho, akakujibu, akanywa maji na kurudi kulala, mwacheni alale. Asipoamka kwa sauti, mguse bega, mtikise. Halafu weka mkono juu ya tumbo lake uhesabu pumzi kwa dakika nzima ukiangalia saa. Chini ya 8 kwa dakika, au hawezi kuamka, au midomo imegeuka rangi, ni dharura: dozi inayofuata haipewi, mlazeni ubavu, mkae mnamwita ili avute pumzi, na mmpeleke hospitali mkiwa na chupa mkononi. Kuna sindano ya naloksoni inayokata nguvu ya morfini. Ulizeni leo, kabla ya kuanza, ni hospitali gani karibu nanyi inayo. Mboni za macho kuwa ndogo peke yake zisiwatishe, kila anayekunywa morfini anakuwa nazo. Na kabla ya hatari huwa kuna onyo, kwa maana usingizi mzito hutangulia kupungua kwa pumzi. Mama akiwa mzito kuliko jana bila sababu, msiongeze, pigeni simu.

Kuna maumivu ambayo morfini peke yake haiyamalizi, na msilaumu chupa. Kama mama anasema mguu unaungua, unachomwa kama pilipili, au umeme unapita kutoka kiunoni hadi wayo, huo ni mshipa wa fahamu umebanwa. Amitriptilini kidogo usiku, au deksametasoni kwa muda, vinafanya kazi ambayo morfini haiwezi. Kwa mifupa ya nyonga kuna mionzi: kwa wagonjwa wengi dozi moja tu ya grei 8 hupunguza maumivu ya mfupa kwa majuma na miezi. Wapo watu wetu wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Lusaka, Zambia, kwa ajili hiyo. Kama safari inawezekana, muulizeni daktari barua. Na morfini ndiyo itakayomwezesha mama kukaa ndani ya gari saa zote hizo. Ikiwa mkivuka mpaka, bebeni karatasi ya daktari yenye jina la dawa, kipimo na muhuri, kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa. Na kama kuna harufu inayotoka kwenye kansa yenyewe, ambayo bamama wengi hawaisemi hata kwa binti zao, iko dawa, metronidazoli. Muulize mkiwa wawili tu, mlango umefungwa.

Usalama wa nyumba: kisanduku chenye kufuli, mbali na jua, ufunguo kwa mtu mmoja na wa pili anayejua ulipo. Mtoto mdogo anaweza kufa kwa kiasi ambacho mama anakunywa bila shida, na chupa ya rangi nzuri inafanana na sirapu. Hapa hofu ya yaya wako kuhusu vijana ina mantiki, mpeni haki yake: asijue mtaa mzima kilicho ndani. Hakuna mjomba mwenye jino atakayeonjeshwa. Itakayobaki siku haihitajiki tena irudishwe farmasi ya hospitali.

Kuhusu uvumilivu wa mama: usimbishie Mungu wake. Muulize tu, kwa mkono. Ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni yasiyovumilika. Mwambie akuonyeshe sasa, na usiku wa jana. Bamama wa kwetu wamelelewa kwamba anayelia ni dhaifu, hata leba walizipita meno yameuma kitenge. Ukimuuliza kwa mdomo atasema “kidogo tu”. Vidole havijui adabu hiyo. Halafu muulize maumivu yakishuka hadi vidole viwili angependa kufanya nini. Mmoja aliniambia anataka kukaa nje asukiwe nywele. Mwingine alitaka kupiga magoti. Huenda mama anaikataa morfini kwa kuwa anaona kuikubali ni kukubali kufa, na hilo halijibiwi na miligramu. Linajibiwa na wewe kukaa naye kitandani umsikilize.

Na jambo moja la mbele, nakuambia sasa ili lisije likakukuta peke yako. Kansa ya mama haiponi kwa morfini. Siku yake itafika, na mtu anayekunywa dawa kila baada ya saa nne, siku hiyo lazima kuwe na dozi aliyoinywa muda mfupi kabla. Itakuwa imetoka mkononi mwa mmoja wenu. Pumzi za mtu anayeondoka hubadilika zenyewe, zinasimama na kuanza tena, hata kwa asiyewahi kuonja morfini maishani mwake. Aliyeshika bomba siku hiyo, kama alipima sawa, hakumuua mama yake. Mwambie na yaya maneno haya.

Tena kazi ya daftari mpe yeye. Mstari mmoja kwa kila dozi: tarehe, saa, mililita, vidole vya mama kabla, vidole saa moja baadaye, choo ndiyo au hapana. Wewe pima, yeye asome alama ya bomba kwa sauti kabla ya kumpa mama, aandike, aweke jina lake. Siku ya tatu nipigieni picha ya ukurasa huo mnitumie, tuone vidole vimeshuka hadi ngapi.